Filimbi Ikilia, Ingia Ndani

Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha viberiti, na kwa muda wote huo niliyemwogopa zaidi hakuwa meneja. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye filimbi ya chuma shingoni, msimamizi wa usalama. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba watu mia tatu waliokuwa wakishinda kati ya dawa za kuwaka na mbao kavu wanarudi makwao jioni wakiwa na nyusi zao. Tulimwita Filimbi. Yeye aliniita Karani, hata siku ya harusi yangu.

Mazoezi yake ya moto hayakuwa na taarifa. Filimbi ikilia, unaacha ulichoshika, unatoka nje, unajipanga mbele ya ubao wa kijani, nami nasimama na daftari nikiita watu hadi hesabu itimie. Kisha yeye, saa ya kupimia muda mkononi, anasoma makosa mbele ya wote. “Fundi mitambo amerudi kuchukua kofia. Kofia imepona, fundi ameungua. Mhasibu ametoka na kikombe cha chai, hongera, atakunywa akiwa na majivu.” Mara moja meneja mwenyewe alitangazwa marehemu kwa sababu alikuwa akimalizia simu. Alisimama upande wa marehemu nusu saa nzima, amenuna, na hakuna aliyethubutu kumwonea huruma.

Kwa hiyo miaka sita baada ya sisi wawili kustaafu, aliponipigia simu na kusema, “Karani, nakufa, njoo na daftari,” habari ya kufa ilinishtua. Ya daftari haikunishtua hata kidogo.

Nilimkuta kitandani, amekaa wima, mito mitatu mgongoni. Alikuwa amepungua, lakini filimbi ilikuwa palepale.

“Ini limechoka,” alisema. “Daktari amenieleza vizuri, nami nimeelewa vizuri. Nina miezi, sina miaka. Muuguzi anayezungukia wagonjwa majumbani anakuja kila Jumanne na dawa ya maumivu. Nataka niishie hapa. Kitanda hiki, dirisha hili, likiwa wazi. Sitaki mipira puani, sitaki kufa nikitazama dari nisiyoijua. Andika.”

Niliandika.

“Sasa tatizo ni huyu wangu.”

Huyu wake alikuwa mwanawe wa pekee, mtu mzima wa miaka thelathini na minane, mrefu, mpole, dereva wa ambulensi. Nikisema dereva wa ambulensi nina maana hata akiwa mezani anakula. Ukikohoa, yeye anaweka kijiko chini na kukutazama kifua. Ndani ya sanduku la bati la bluu, chini ya kitanda, kulikuwa na karatasi ya ukurasa mmoja ambayo daktari alimpa mama yake: juu matakwa ya mgonjwa, chini nafasi ya jina na sahihi ya mtu atakayemsemea akishindwa kusema. Mwanawe alikuwa ameisoma mara tatu, na kila mara alipofika chini alikumbuka kwamba kuna mahali anahitajika.

Muuguzi alikuwa amewaeleza wazi. Yeye mwenyewe yupo kwa simu wakati wowote. Lakini mtu wa nyumbani akiita ambulensi, ambulensi itafanya kazi yake, na hospitali nayo itafanya kazi yake. Hapatakuwa na mkosaji. Dari tu itakuwa nyingine.

“Utafanyaje, bosi?”

Macho yake yaling'aa kwa namna ninayoijua. Meneja naye aliijua.

“Zoezi,” alisema.

Tulifanya maandalizi kwa wiki mbili. Mimi ni mtu wa mpangilio. Sikusomea popote, nilijifunza kwa kupoteza vitu. Kila ufunguo niliubandika kibandiko. Vitambulisho, hati ya nyumba, gauni alilochagua kuzikwa nalo na viatu alivyokataa (“nikalale navyo vya nini?”), vyote viliingia kwenye sanduku la bluu na orodha ya vilivyomo ikabandikwa kwenye kifuniko kwa ndani. Tuliandika watu kumi na wanne wa kupigiwa simu, kwa mfuatano, wa kwanza akiwa muuguzi. Paka wake aliandikiwa kinyozi, amtunze.

Kinyozi alikuwa mpangaji wake wa chumba cha mbele, kijana mchangamfu aliyenyolea watu barazani huku redio ikipiga. Kazi yake kwenye zoezi: kuzima redio, kufungua geti, kuingiza viti. Simu zilikabidhiwa dada yake Filimbi, ambaye sote tulimwita Mama Mkubwa, aliyeuza vitambaa maisha yake yote na sauti yake ilikuwa ikisikika mitaa miwili. Mimi nilipewa daftari, saa na sanduku.

“Na mwanao?”

“Yeye kiti. Akae hapa kando, anishike mkono.”

“Basi?”

“Basi. Ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Lakini usimwambie kitu kwanza. Nataka nione anavyofanya bila taarifa.”

Zoezi la kwanza lilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Nilikuwa jikoni nachemsha maji. Filimbi ililia.

Nakiri kilichotokea bila kujitetea. Nilizima jiko, nikachukua daftari, nikatoka nje moja kwa moja hadi kwenye tangi la maji, nikasimama. Mama Mkubwa alinifuata, simu sikioni, kwa sababu natembea kama mtu anayejua anakokwenda. Kinyozi alitufuata na mteja wake, mwenye nusu ya kichwa kilichonyolewa na nusu ya kichwa chenye nywele. Walijipanga. Nikaita.

“Mama Mkubwa.”

“Nipo.”

“Kinyozi.”

“Nipo, mzee.”

“Mteja.”

“Mimi nilikuja kunyoa tu.”

“Upo au haupo?”

“Nipo.”

Nilibonyeza saa. Sekunde hamsini na moja. Kiwandani hatukuwahi kushuka chini ya dakika mbili, nami nilihisi kifua kinajaa. Ndipo dirisha la chumba cha mgonjwa likasukumwa.

“Karani! Hesabu imetimia?”

“Imetimia, bosi!”

“Hakuna aliyebaki ndani?”

Kinyozi alitazama mashine yake ya kunyolea. Mteja alinitazama mimi.

“Umebaki wewe, bosi.”

“Ahaa. Na mimi huku ndani nafanya nini?”

“Unakufa, bosi.”

“Na nani?”

Alitusimamisha palepale dakika nne, tufikirie. Hata hivyo hatukupata nafasi ya kuingia, kwa sababu king'ora kilisikika kutoka barabara kuu, kikakata kona, kikaja hadi getini. Mama Mkubwa, akitoka nje, alikuwa amempigia mpwa wake kabla ya mtu yeyote, akasema “Mama yako!” na kukata. Ilimchukua dakika sita. Aliruka kutoka kwenye gari na machela, mwenzake nyuma yake, wakapita mbele yetu kama upepo. Tukawafuata. Tulimkuta mgonjwa anakula biskuti.

“Umechelewa,” alimwambia mwanawe. “Nimekufa dakika nne zilizopita. Na king'ora cha nini, unamwamsha nani?”

“Mama!”

“Lilikuwa zoezi.”

Mwanawe alikaa kwenye machela yake mwenyewe. Mwenzake alimletea maji, akamshikia kikombe. Filimbi aliacha kutafuna. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyozoea kumtazama mtu, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Pole, baba. Unaona sasa kwa nini tunafanya mazoezi?”

Makosa yalisomwa hata hivyo. “Karani amemwacha marehemu ndani. Dada yangu nusura aue mtu mwingine kwa simu. Kinyozi ameleta mgeni. Mteja hana kosa, amesimama vizuri.”

“Mdogo wangu huna haya,” alisema Mama Mkubwa. “Umri huu unatuchezesha kama watoto wa shule!”

“Dada, kaa. Sijamaliza. Karani, andika amri mpya, kwa herufi kubwa, ubandike nyuma ya mlango.”

Niliandika: FILIMBI IKILIA, INGIA NDANI.

Zoezi la pili lilikuja siku kumi baadaye. Safari hii mwanawe alikuwepo, siku yake ya mapumziko, ameambiwa kila kitu na amekubali kwa kichwa, si kwa mdomo. Filimbi ililia. Miguu yangu iligeukia mlango wa nje, nikaikaripia, ikaingia ndani. Redio ilizimwa. Geti lilifunguliwa. Viti viliingia, na paka akatoka kati ya miguu ya viti, tukampata kesho yake.

Simu zilijaribiwa kwa kinyozi, aliyesimama sebuleni akijifanya binamu wa mbali. Mama Mkubwa alivaa miwani.

“Haloo! Habari za huko? Hamjambo nyote? Na mtoto, lile jino lilitoka? Afadhali. Na mvua? Sisi huku mvua imetutupa. Mumeo yule mguu unaendeleaje? Msalimie sana. Haya, basi, tutaongea.” Akakata.

Chumba kizima kilimtazama.

“Dada,” alisema Filimbi kutoka kwenye mito yake, “ulimpigia kumwambia nini?”

“Nilikuwa naelekea huko.”

“Mimi nimekufa, wewe unauliza jino!”

“Mtu hawezi kuvamiwa tu na habari! Lazima asalimiwe kwanza!”

Tulikuwa bado tunacheka pale Filimbi alipogeukia kiti cha kando. Mwanawe alikuwa amekaa kama alivyoelekezwa, amemshika mkono kama alivyoelekezwa. Isipokuwa vidole viwili vilikuwa juu ya kifundo cha mkono, kwa ndani, na macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani.

“Unafanya nini?”

“Nakushika mkono.”

“Unanipima mapigo.”

“Tisini na nne, mama. Si mbaya.”

“Shika mkono kama mkono, bwana.”

Alijaribu. Nilikuwa nikihesabu muda: dakika ya kwanza alitulia, ya pili alisogeza kiti, ya tatu simu ilikuwa sikioni mwake na namba ya kituo chao ilikuwa inaita. Hakuna aliyekuwa ameshtuka zaidi yake. Aliitazama ile simu kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyemshikisha.

“Zoezi limekwisha,” alisema mama yake. Hakusoma makosa.

Nilimkuta mwanawe nje, kwenye tangi la maji, pale nilipojipanga mimi siku ile.

“Miaka kumi na minne, mzee Karani,” alisema. “Mtu akipumua vibaya mguu wangu wa kulia unakanyaga wenyewe. Najua anachotaka mama. Sina ubishi nacho. Lakini nikae tu? Nimtazame? Halafu kesho watu waseme dereva wa ambulensi, gari liko mkononi mwake, alimwacha mama yake kitandani?”

Mimi si mwepesi wa maneno, na lile swali lilikuwa la kweli.

“Hapo unaposimama unapaona?” nilimwambia mwishowe. “Hapo ndipo nilipokuja na daftari langu. Nilikuwa najua fika kwamba mama yako yuko ndani. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwa mkono wangu. Miguu ndiyo haikuwa imeambiwa.”

Alicheka kidogo, kwa pua.

“Mazoezi ni ya miguu,” nilisema. “Kichwa chako hakina tatizo.”

Kesho yake alikuja na nguo za kazi, amebakiwa na saa moja kabla ya zamu. Akavuta kiti. “Mama, tufanye la kukaa tu. Bila filimbi.” Na kuanzia siku hiyo walifanya karibu kila siku, wawili, nami mlangoni na daftari. Ninayo bado. Dakika nne, aliangalia mlango mara tatu. Dakika saba, aliangalia mlango mara mbili. Dakika kumi na mbili, alisinzia, mgonjwa naye alisinzia, hakuna kosa.

Filimbi hakuwa mtu wa kuacha zoezi lipoe. Katikati ya utulivu alianza kukoroma kwa kukatakata, kichwa akakitupa upande, ulimi ukaning'inia. Mara ya kwanza mwanawe aliruka hadi katikati ya chumba. Mara ya pili aliinuka nusu. Mara ya tatu hakuinuka kabisa.

“Mama, hiyo ya uongo.”

“Umejuaje?”

“Mtu anayepumua hivyo hachungulii kwa jicho moja.”

Mama Mkubwa, aliyekuwa anakunja shuka, alicheka hadi akakalia shuka. Na siku hiyohiyo, kwenye zoezi la dakika ishirini, bila kuachia mkono wa mama yake, mwanawe aliniambia nimletee sanduku la bluu. Alitoa ile karatasi, akaiweka juu ya goti, akasaini kwa mkono wa kushoto. Sahihi ilikuwa mbaya. Filimbi aliitazama kwa mbali.

“Hiyo sahihi au umeua mdudu?”

“Nina mkono mmoja tu mtupu, mama.”

Hakumtania tena siku hiyo.

Jumanne iliyofuata muuguzi alikaa kuliko kawaida. Sebuleni alituambia kwamba sasa tuhesabu siku. Alituonyesha dawa ya kumwekea chini ya ulimi, na jinsi ya kumgeuza, na akasema kupumua kutabadilika, kutakuwa na vituo virefu, tusiogope vile vituo. Mwanawe aliitikia kila kitu. Aliomba likizo. Filimbi yenyewe ilikuwa nzito sasa kwa shingo yake, ikahamishiwa kwenye nguzo ya kitanda, na pumzi ya kuipuliza hakuwa nayo. Jambo hilo lilimkera kuliko ini.

“Sasa nani atatangaza?” aliniuliza kwa mnong'ono.

“Tutajua, bosi.”

“Msijue. Mtangaziwe.”

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi alasiri. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, nami nilikuwa sebuleni naandika upya kibandiko kilichofifia. Mama Mkubwa alikuwa anasinzia kwenye kochi. Redio ya kinyozi ilikuwa inasikika kutoka barazani. Nilisikia pumzi ya kitandani ikikatika, ikakaa, ikarudi. Mwanawe alikuwa kwenye kiti chake.

“Mama,” alisema. “Jicho moja.”

Hakuna jicho lililofunguka.

Aliinama akasikiliza. Na nikauona, sikutunga, mguu wake wa kulia ukikandamiza sakafu, kwa nguvu, kama mtu anayetaka gari lipae. Mkono uliingia mfukoni ukatoka na simu. Nilishika meza. Haikuwa kazi yangu kusema kitu.

Aliitazama simu. Akanyoosha mkono hadi kwenye sanduku la bluu, akaitia ndani, akafunga kifuniko. Kisha akaichomoa filimbi kwenye nguzo ya kitanda na kuipuliza.

Alipuliza vibaya, kwa mara ya kwanza maishani mwake nadhani, lakini ilitosha. Redio ilizimika. Mama Mkubwa alisimama kabla hajaamka. Kinyozi aliingia na brashi mkononi, na safari hii hakuleta mteja. Mama Mkubwa alifika mlangoni, akamwona mdogo wake, akafungua mdomo wote, na mimi nikajiandaa kwa ile sauti ya mitaa miwili. Macho yake yakaangukia maandishi nyuma ya mlango. Akafunga mdomo, akaingia ndani.

“Ni zoezi?” aliuliza kinyozi, polepole.

“Ndiyo,” alisema mwanawe bila kugeuka. “Kaeni.”

Tulikaa. Yeye alirudi kwenye kiti akaushika mkono, kiganja kwa kiganja, vidole vyote vitano. Muuguzi nilimpigia mimi kwa simu yangu, kwa sauti ndogo. Akasema mnafanya vizuri, niko njiani. Mama Mkubwa alikaa miguuni akaifunika miguu ambayo tayari ilikuwa imefunikwa. Paka, ambaye hakuwa kwenye orodha, alipanda dirishani. Vile vituo vilikuwa virefu kama tulivyoambiwa, na katika kimojawapo, tulipodhani tayari, Filimbi alifungua jicho. Moja. Likatembea kwa dada yake, likatembea kwa kinyozi, likaja kwangu, likaenda kando kwenye kiti. Midomo ilisogea kidogo kila lilipotua. Nimefanya naye kazi miaka ishirini na miwili. Alikuwa anahesabu.

“Imetimia, bosi,” nilisema. “Hakuna aliyebaki nje.”

Jicho likafungwa. Haikuchukua muda mrefu baada ya hapo. Mwanawe aliendelea kushika mkono hadi muuguzi alipokuja, na muuguzi naye hakumharakisha.

Mama Mkubwa alipiga simu zilizobaki, kumi na tatu, kwa mfuatano. Kila mmoja alimpa habari kwanza, kwa sentensi moja, bila kutetereka. Kisha akawauliza habari za mvua.

Kabla giza halijaingia, watu walipokuwa wameanza kujaa uani, sisi wanne tulijikuta jikoni. Mwanawe ndiye aliyesema.

“Mzee Karani, makosa hayajasomwa.”

Nilifungua daftari. Kinyozi alikiri kwamba geti hakulifungua, muuguzi ilibidi agonge. Niliandika. Mama Mkubwa alidai kosa lake liandikwe pia, mdomo kufunguliwa. Tukabishana kama mdomo uliofunguliwa bila sauti ni kosa, mwishowe nikaliandika kwa penseli.

“Mimi niliangalia mlango mara moja,” alisema mwanawe. “Na muda? Muda ulikuwa dakika ngapi?”

Nilichukua saa kutoka mfukoni. Mishale ilikuwa kwenye sifuri. Sikuwa nimeibonyeza.

Katika mazoezi yote ya nyumba ile, sikuwahi kusahau.

“Karani amesahau kuanzisha saa,” alisema Mama Mkubwa, na sauti yake ilikuwa ya mdogo wake kabisa. “Simama kule. Upande wa marehemu.”

Nilisimama kule, karibu na jiko, daftari kifuani. Kinyozi ndiye aliyeanza kucheka, kisha mwanawe, akiwa ameegemea ukuta, anajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Mama Mkubwa aliniacha nisimame pale hadi maji yalipochemka.